Kuzalisha joto au kulihamisha: hesabu ya kuiondoa gesi nyumbani

Umeme unaweza kuipasha nyumba joto kwa njia mbili, na tofauti iliyopo baina ya njia hizo ni kubwa kuliko tofauti iliyopo baina ya umeme na gesi. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu kuachana na gesi, mafuta ya taa au dizeli nyumbani hulisahau, kisha hugeuka mabishano yasiyokwisha: mmoja anasema umeme ni ghali mno kwa kupasha nyumba joto, mwingine anasema bili yake imepungua tangu abadilishe, na wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia mtambo wake.

Njia ya kwanza ni ya koili. Umeme unapita kwenye waya unaoukinza, waya unapata moto, na moto huo unaingia chumbani au majini. Uniti moja ya umeme, yaani kilowati-saa moja, inatoa uniti moja ya joto, haizidi wala haipungui. Hita ya feni, hita yenye mafuta ndani yake, hita ya kioo inayotundikwa ukutani na ile iliyofichwa ndani ya kiunzi cha kupendeza zote ziko sawa katika hesabu hii, hata kama matangazo yake yanaahidi mengine. Mtu anayelipa zaidi ili apate hita ya koili “inayookoa umeme” amenunua umbo tu, au pengine themostati iliyo makini zaidi, jambo ambalo si baya lakini haligeuzi uniti moja kuwa mbili.

Njia ya pili ni kulihamisha joto ambalo tayari lipo nje, na mtambo unaoifanya kazi hiyo huitwa pampu ya joto. Wazo lenyewe si jipya. Mwanafizikia Lord Kelvin alilieleza mwaka 1852, na muda si mrefu baadaye mhandisi Peter von Rittinger akaunda mtambo wa aina hiyo huko Austria kwa ajili ya kazi ya kukausha chumvi. Kila mwenye friji anao mtambo wa ukoo huo jikoni kwake: friji hulichota joto kutoka kwenye vyakula na kulitupa nyuma ya kabati lake, na ndiyo maana mgongo wake huwa wa vuguvugu. Pampu ya joto inalichota nje ya nyumba na kulileta ndani.

Kinachowatatiza wengi ni vipi hewa ya nyuzi 5, au hata iliyo chini ya sifuri, iweze kutoa joto la kumtosha binadamu. Jibu limo katika gesi ya friji inayozunguka ndani ya mabomba. Propani, ambayo siku hizi inatumika katika pampu nyingi mpya, huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri katika kanieneo ya kawaida ya hewa. Kwa kimiminika cha namna hiyo, hewa iliyo nyuzi 10 chini ya sifuri bado ni ya moto, kwa hiyo kinafyonza joto lake na kugeuka mvuke. Kompresa inaubana mvuke huo, nao unapobanwa unapanda joto hadi kuyazidi maji ya mabombani au hewa ya chumbani, unaachia joto lake ndani, unarudi kuwa kimiminika, kisha unapita kwenye vali inayoshusha kanieneo ili uanze safari upya. Umeme unatumika kuendesha kompresa, feni na pampu ya maji tu. Sehemu kubwa ya joto lenyewe imeokotwa nje. Ndiyo sababu uniti moja ya umeme huweza kuleta uniti 3 au 4 za joto katika hali ya hewa ya wastani, ingawa kiwango hicho hushuka kuelekea 2 wakati wa baridi kali sana. Wanaodai kwamba mitambo hii haifai penye theluji wanapaswa kueleza kwa nini Norwe, Uswidi na Ufini ndizo zenye pampu nyingi zaidi kwa kila kaya barani Ulaya.

Idadi hiyo ya uniti za joto kwa kila uniti ya umeme, ambayo mafundi huiita kigezo cha utendaji, ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata, kuanzia gharama. Boila nzuri ya gesi, yaani mtambo unaochoma gesi ili kupasha maji ya kupashia vyumba na ya kuogea, hugeuza takriban asilimia 90 ya nishati ya gesi kuwa joto la nyumba. Ukigawanya 3 kwa 0.9 unapata 3.3. Maana yake ni kwamba, iwapo kigezo cha pampu yako ni 3, umeme unaweza kuuzwa hadi mara 3.3 ya bei ya gesi kwa kila uniti na bado matumizi yako yasizidi yale ya zamani. Uwiano ukiwa mdogo kuliko huo, unapata nafuu. Ukiwa mkubwa zaidi, utalipa zaidi, na ni vyema ulijue hilo mapema kuliko kuaminishwa na muuzaji. Ili ulinganishe kwa haki, geuza kila nishati kuwa uniti: mita moja ya ujazo ya gesi asilia ina takriban uniti 10 hadi 11, lita moja ya mafuta ya taa au dizeli ina takriban 10, na kilo moja ya gesi ya mitungi ina karibu 13. Usisahau pia ada ya kudumu ya mita ya gesi, kwa kuwa ada hiyo haipungui kidogo kidogo kadiri unavyopunguza matumizi. Inaondoka siku mita yenyewe inapoondoka, na si kabla ya hapo.

Kigezo hicho hicho ndicho kinachoamua swali la hewa ya ukaa. Kuchoma gesi asilia kunatoa takriban gramu 200 za dioksidi ya kaboni kwa kila uniti, na ukizingatia upotevu wa boila, nyumba inapata joto lake kwa gramu 220 hivi kwa uniti. Umeme unaotokana na makaa ya mawe pekee unaweza kufikia gramu 1,000 kwa uniti. Kwa umeme huo, hita ya koili inachafua mara nne na zaidi kuliko boila, na hata pampu yenye kigezo cha 3 inafikia gramu 330 na kushindwa. Lakini gridi ikiwa na mchanganyiko unaotoa gramu 450, pampu inashuka hadi 150 na kushinda kwa mbali, ilhali koili bado inashindwa. Umeme ukitoka kwenye maji, upepo, jua au jotoardhi, hesabu inakaribia sifuri kwa njia zote mbili. Mpaka, yaani pale pampu yenye kigezo cha 3 inapolingana na boila, uko kwenye umeme wa gramu 660 hivi kwa uniti. Mimi huona hesabu hii ni ya uaminifu zaidi kuliko kusema tu kwamba umeme ni safi, maana inamlazimu mtu aulize umeme wake unatoka wapi. Iongezee jambo moja ambalo halimo katika gramu hizo: gesi asilia ni methani, na methani inayovuja kabla ya kuchomwa hulipasha anga joto takriban mara 80 kuliko dioksidi ya kaboni ya uzito ule ule kwa kipindi cha miaka 20.

Sasa, nini kinakipandisha au kukishusha kigezo cha utendaji? Zaidi ya yote ni umbali uliopo kati ya joto la nje na joto la maji unayoyapeleka kwenye mabamba ya ukutani (redieta) au mabomba ya sakafuni, ambayo ndiyo yanayokitolea chumba joto. Boila huzoea kupeleka maji ya nyuzi 60 hadi 80, kwa sababu kwake kupanda huko ni rahisi. Kwa pampu ya joto, kila nyuzi inayoongezwa inailazimu kompresa ibane kwa nguvu zaidi. Inapendelea maji ya nyuzi 35 hadi 50. Mabomba ya sakafuni yanafaa sana kwa maji ya namna hiyo kwa kuwa sakafu nzima inatoa joto. Mabamba ya ukutani nayo yanafaa, ila pengine baadhi yake yatahitaji kubadilishwa yawe makubwa, hasa katika chumba kimoja au viwili vyenye baridi kuliko vingine.

Kuna jaribio ambalo halihitaji kununua chochote, na sielewi kwa nini halifanywi na kila mtu anayefikiria kubadilisha. Katika siku za baridi kuliko zote za mwaka, iteremshe boila iliyopo ili ipeleke maji ya nyuzi 50 tu kwenye mabamba, iache ifanye kazi mchana na usiku bila kuizima, kisha uone. Nyumba ikibaki na joto linalokuridhisha, imekwisha kukuonyesha kwamba iko tayari kwa pampu. Chumba kimoja kikipoa, umekijua chumba chenye bamba dogo au dirisha linalovuja. Nyumba nzima ikipoa, kazi ya kwanza si mtambo, ni kuta, dari na madirisha. Kwa wenye tangi la maji ya moto linalopashwa na boila hiyo hiyo, hakikisha kwamba umeshusha maji ya kupasha vyumba pekee, kwani maji ya tangi yana masharti yake nitakayoyataja.

Kuipasha nyumba inayovuja ni kulijaza pakacha maji. Dari isiyo na kihami joto, nyufa kuzunguka fremu za milango, tundu la bomba lililoachwa wazi na dohani isiyotumika hulitoa joto kwa kasi isiyofidiwa na mtambo wowote kwa gharama nafuu. Kuhami dari na kuziba nyufa kwa kawaida ndiyo kazi nafuu kuliko zote katika mradi huu, na faida yake ni maradufu, kwa sababu inapunguza joto linalohitajika na wakati huo huo inaruhusu maji ya mabamba yawe ya nyuzi za chini. Tahadhari ni moja: nyumba iliyozibwa vizuri inahitaji njia rasmi ya kuingiza hewa safi, la sivyo unyevu utatanda na ukungu utaota kwenye pembe. Lakini hapa natofautiana na wale wanaosema mtu asithubutu kuweka pampu mpaka nyumba yake iwe kamilifu. Kusubiri ukamilifu kumewafanya wengi wanunue boila nyingine, nayo itaishi miaka 15. Ziba yanayozibika kwa urahisi, hami dari, kisha endelea.

Ukubwa wa mtambo ni jambo ambalo hukadiriwa ovyo mara nyingi. Boila nyingi za nyumbani zina nguvu ya kilowati 24 au zaidi, si kwa sababu nyumba inazihitaji, bali kwa sababu boila hiyo hiyo inatakiwa kuyapasha maji ya kuogea papo kwa papo. Ukichukua kilowati hizo kama kipimo cha pampu, utanunua mtambo mkubwa kupita kiasi, utakaowaka na kuzima mara kwa mara na kuchakaa upesi. Afadhali kuisoma mita ya gesi katika siku ya baridi kali. Tuseme zimetumika mita za ujazo 10 kwa saa 24. Hizo ni takriban uniti 105, ambazo katika boila ya asilimia 90 zimeipatia nyumba uniti 95 za joto. Zigawe kwa 24 na unapata kilowati 4, tena hapo hujaondoa gesi iliyotumika kupikia na kuogea. Makadirio haya hayachukui nafasi ya hesabu kamili ya fundi, ya chumba kwa chumba, lakini yanakupa kitu cha kumuuliza anapokuja na pendekezo la kilowati 14. Ulizia pia kompresa yenye inveta, inayoweza kupunguza mwendo wake kulingana na mahitaji.

Kuhusu mahali pa kuweka sehemu ya nje ya pampu, epuka kona iliyofungwa ambamo hewa baridi iliyotemwa inavutwa tena ndani, epuka dirisha la chumba cha kulala cha jirani, na uandae njia ya maji, kwani wakati wa baridi yenye unyevu barafu hujijenga kwenye mapezi, yaani vibamba vyembamba vinavyofyonza joto la hewa, na mtambo huiyeyusha wenyewe kwa kujigeuza kwa dakika chache. Mvuke unaofuka wakati huo si moshi.

Maji ya moto yana hesabu iliyo wazi. Lita moja huhitaji wati-saa 1.16 ili ipande nyuzi moja, kwa hiyo tangi la lita 150 linalotolewa nyuzi 15 hadi 55 linahitaji takriban uniti 7. Koili itazila zote 7. Pampu yenye kigezo cha 3 itakula 2.3 hivi. Zipo pampu za joto zilizoungwa juu ya tangi lenyewe, na zinafaa sana, mradi chumba kiwe na nafasi na hewa ya kutosha, maana zinalivuta joto la chumba hicho na kukiacha kimepoa. Maji yasihifadhiwe ya vuguvugu kwa muda mrefu, kwa kuwa bakteria wa Legionella, wanaosababisha ugonjwa wa mapafu, hustawi humo. Ndiyo sababu mitambo mingi hupandisha tangi hadi nyuzi 60 kwa vipindi. Faida kubwa ya tangi, ambayo hita ya kuogea ya papo kwa papo haina, ni kwamba linaweza kupashwa wakati wowote. Mwenye sola anaweza kulipasha saa za jua kali, na mwenye bei nafuu za usiku anaweza kulipasha usiku, na watu wakaoga watakapo.

Jiko linatumia nishati ndogo katika hesabu ya mwaka, na hata hivyo ndilo linalozua ubishi mkubwa kuliko boila yote. Jiko la induksheni halina moto wala waya mwekundu: koili iliyo chini ya kioo inazalisha uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi, uga huo unaamsha mikondo ya umeme ndani ya kitako cha sufuria, na sufuria yenyewe ndiyo inayopata moto, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Takriban asilimia 85 ya umeme inaingia kwenye chakula, ilhali jiko la gesi hufikisha karibu theluthi moja tu ya nishati yake na kuyaacha mengine yalipashe jiko na mpishi. Sufuria lazima ivutwe na sumaku. Chukua sumaku ndogo uijaribu kwenye vyombo ulivyo navyo kabla ya kununua vipya. Alumini na shaba tupu havifai.

Kwangu mimi, hata hivyo, sababu nzito ya kuliondoa jiko la gesi si uniti. Moto wa gesi unatoa dioksidi ya naitrojeni ndani ya nyumba, na mara nyingine monoksidi ya kaboni na benzini, palepale tunapovutia pumzi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha mwongozo wake wa dioksidi ya naitrojeni kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 40 hadi 10 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na jiko la gesi lisilo na feni ya kutoa hewa nje huongeza kiwango hicho kwa kiasi kikubwa kila linapowashwa. Tena jiko ndilo mara nyingi linalobaki peke yake baada ya boila kuondoka, na kwa ajili ya miali michache ya moto mtu huendelea kulipa ada nzima ya mita.

Kabla ya kununua chochote, mwite fundi umeme aliyesajiliwa. Njia ya umeme ya ampea 60 katika volti 230 inabeba kilowati 13.8 kwa wakati mmoja. Jiko la induksheni likiwashwa mafiga yote hufikia 7, hita ya kuogea ya papo kwa papo 9, pampu ya joto ya nyumba ya wastani 2 hadi 3, na koili ya tangi 3. Ukijumlisha kwa upofu utaambiwa ubadilishe waya unaotoka barabarani. Ukifikiri vizuri utaona kwamba hita ya papo kwa papo ndiyo inayovuruga hesabu, na kwamba tangi linaloweza kusubiri linaiondoa haja ya upanuzi huo. Vipo pia vifaa vya kugawa mzigo vinavyolizuia tangi au chaja ya gari lisivute umeme wakati jiko linatumika. Hata hivyo, kila mtambo mkubwa unahitaji waya wake na breka yake, na ni busara kuzilaza waya hizo mapema, boila ikiwa bado nzima. Boila haifi kwa miadi. Ikifa katikati ya baridi, mwenye nyumba hununua kile ambacho fundi anacho garini siku hiyo, na karibu kila mara ni boila nyingine.

Kuhusu umeme kukatika, pingamizi hili lina uzito kwa jiko, lakini kwa upande wa kupasha nyumba joto si zito kama linavyosikika: boila ya kisasa ya gesi nayo inahitaji umeme kwa ajili ya pampu, feni na mfumo wake wa kuwashia, na umeme ukikatika inazimika vilevile. Nyumba iliyohamiwa vizuri hukaa saa nyingi kabla ya kupoa.

Ulizia gesi ya friji iliyomo kabla ya kutia saini. Ile iitwayo R-410A hulipasha anga joto mara 2,088 kuliko dioksidi ya kaboni kwa uzito ule ule, R-32 mara 675, na propani mara chache tu. Nchi zilikubaliana kupunguza gesi za jamii ya hizo mbili za kwanza katika mkutano wa Kigali mwaka 2016, kwa hiyo mtambo wenye R-410A leo ni mtambo ambao gesi yake itazidi kuwa adimu. Propani inashika moto, na ndiyo maana mitambo mingi huizuia ibaki katika sehemu ya nje.

Mtambo wa mwisho wa gesi ukishaondoka, omba mita ing’olewe na bomba lizibwe na mtu mwenye leseni. Tangi la mafuta lililozikwa lisiachwe na mabaki yake ardhini. Kisha pitisha msimu mzima wa baridi kabla ya kutoa hukumu. Pampu nyingi zina kumbukumbu ya uniti zilizoingia na uniti za joto zilizotoka: gawanya za pili kwa za kwanza kila mwezi. Ukiona kigezo kiko karibu na 2 ilhali nje hakuna baridi kali, mwambie fundi ashushe joto la maji ya mabamba, nyuzi mbili kwa mara, mpaka chumba cha baridi kuliko vyote kianze kulalamika, halafu apandishe kidogo na kuliacha hapo.